Mpira wa milimita 8 unaosimamisha mkahawa

*Kipuri kinachotafutwa hakizidi bei ya vikombe vichache vya kahawa. Kinachoadimika zaidi ni vipimo vyake.*

Foleni imefika mlangoni. Kijana wa kaunta amesaga kahawa, ameishindilia kwenye kichujio, amekipachika kishikio chini ya kichwa cha mashine na kukizungusha kulia kwa nguvu zote. Amebonyeza swichi. Kahawa ilitakiwa ishuke kama uzi hadi kikombeni, lakini maji ya moto yanapenya pembeni, yanamchuruzikia vidoleni na kujaa kwenye trei. Anakaza tena. Kishikio, ambacho kikikazwa vizuri husimama kikimwelekea mtumiaji, kimeshapita katikati na kuelekea ukutani. Maji bado yanavuja.

Mkahawa wenyewe ni mdogo, uko Sinza, jijini Dar es Salaam. Mashine ni ya Kiitaliano, ilinunuliwa ikiwa imetumika. Pampu yake inasukuma, boila linachemsha, mvuke unatoka. Kilichokufa ni duara moja la mpira lisilojaza kiganja.

Mwenye mkahawa alimpigia muuzaji wa mashine za kahawa, akaambiwa kipuri kipo kwenye oda, asubiri mzigo. Akampigia fundi wa jirani. Fundi alikuja na bisibisi, akachungulia, kisha akauliza kama pale karibu panapatikana tyubu ya lori iliyochakaa, akate kipande.

Kati ya majibu hayo mawili, subiri mzigo au kata tyubu, ndipo zinapokwama mashine nyingi za kahawa mijini kwetu. Mhariri alinituma kuchunguza kama hakuna njia ya tatu. Ipo, nayo inaanza na kifaa cha kupimia.

Baa 9 juu ya duara moja

Muuza kahawa wa kijiweni hana shida hii. Dele lake linakaa juu ya mkaa, halina pampu wala mpira wa kuungua. Lakini mikahawa imeongezeka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na mashine za espreso zimekuja nayo. Mashine hizo haziishi bila mpira.

Hesabu yake iko hivi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kidogo. Mashine ya espreso husukuma maji kwa shinikizo la takriban baa 9, tena maji yenye joto la nyuzi 90 hadi 96. Shinikizo lote hilo linazuiliwa na mpira mmoja uliokaa kwenye mfereji ndani ya kichwa cha mashine. Ukingo wa kichujio unaposukumwa juu na kuubana, maji hukosa njia ya pembeni na kulazimika kupita katikati ya kahawa.

Mpira ukiwa mpya una unyumbufu: unabonyea, kisha unarudi. Joto la kutwa huuondolea unyumbufu huo polepole. Unakuwa mgumu kama plastiki, unapata nyufa, na siku ya kuutoa unakatika vipande vipande hadi fundi auchokonoe kwa msumari. Ndiyo maana mikahawa yenye wateja wengi hushauriwa kuubadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12, uwe unavuja au hauvuji. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaukumbuka maji yanapoanza kuchuruzika.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya kuingia gharama, na mafundi wa haraka hulisahau. Mara nyingine mpira hauna kosa lolote. Unga wa kahawa na mafuta yake huganda kwenye mfereji, kichujio kinashindwa kukaa sawa, na maji yanapata upenyo. Kichujio chenyewe kinaweza kuwa kimepinda ukingo baada ya kugongwagongwa kwenye pipa la makapi. Na maji ya kisima, yanayotumiwa na biashara nyingi za Dar es Salaam, yakiwa na chumvi na chokaa huacha ukoko ndani ya vali na mabomba, kisha kila uvujaji ukadhaniwa ni wa mpira. Zima mashine, ipoe, toa mvuke uliobaki, safisha mfereji kwa kijiti cha mbao, kisha jaribu tena. Usiingize mkono kwenye kichwa cha mashine ikiwa ya moto. Mvuke wa boila unavuka nyuzi 100 na huunguza papo hapo.

Kichwa kimoja, majina mengi

Historia ya mashine hizi ina habari njema kwa mtafuta vipuri. Angelo Moriondo wa Torino alisajili mashine yake ya mvuke mwaka 1884. Luigi Bezzera wa Milano akafuata mwaka 1901 na mtindo wa kupika kikombe kimoja kimoja kwa kishikio. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Achille Gaggia akaleta mkono wa springi uliopandisha shinikizo, na espreso ikapata povu lake la rangi ya dhahabu.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema, chini ya Ernesto Valente, ilitoa mashine iliyoitwa E61. Jina hilo lilitokana na kupatwa kwa jua kulikotokea Februari mwaka huo. E61 ilitumia pampu ya umeme, na maji ya moto yalizunguka ndani ya kichwa chake kizito ili kisipoe. Kichwa hicho kilipendwa, kikaigwa, na hadi leo watengenezaji wengi wanakitumia kwenye mashine zenye majina tofauti kabisa.

Kwa hiyo mashine mbili zenye nembo zisizofanana zinaweza kuvaa mpira uleule. Wa kichwa cha E61 una kipenyo cha nje cha milimita 73, cha ndani milimita 57, na unene wa milimita 8. Upo pia wa milimita 8.5, unaosaidia kichwa au kishikio kilicholika kwa uzee.

> 73, 57, 8. Namba tatu zilizofanya kazi ambayo jina la mashine lilishindwa kuifanya.

Mashine ya Sinza ilikuwa ya ukoo huo. Hakuna aliyejua, kwa sababu nembo ya mbele ilikuwa ya kampuni nyingine, na kila aliyeulizwa aliulizwa kwa nembo. Siku kalipa, kifaa cha kupimia unene na kipenyo, ilipopatikana, mfereji ukapimwa na vipande vya mpira wa zamani vikapimwa, namba hizo tatu zikatumwa kwa simu kwa muuzaji wa vifaa vya mikahawa jijini Nairobi. Alijibu kwamba anao dukani. Mpira ulikuja kwa basi, ndani ya bahasha.

“Ya gari gani?”

Kabla ya hapo tulipita kwenye maduka ya vipuri vya magari ya Gerezani na Kariakoo. Mitaa hiyo haina uhaba wa mipira: oili sili zimening'inia kwa mamia kwenye misumari, oringi, mipira ya duara ya kuzibia, zimejaa kwenye droo. Lakini swali la kwanza dukani huwa moja: ya gari gani? Duka zima limepangwa kwa majina ya magari. Ukijibu kwamba ni ya mashine ya kahawa, muuzaji anapoteza pa kuanzia.

Kwa mpira mkubwa wa kichwani, safari ya maduka ya magari huishia hapo. Ila mashine ya kahawa ina mipira mingine: oringi ndogo kwenye bomba la mvuke, kwenye vali na kwenye maungio ya mabomba. Hizo zinaweza kufanana na zilizomo kwenye droo za Gerezani, na hapo ndipo penye mtego.

Magari mengi ya Tanzania yametoka Japani yakiwa yametumika. Oringi zake hufuata viwango vya Kijapani, ambavyo unene wake ni milimita 1.9, 2.4, 3.5 au 5.7. Mashine nyingi za Kiitaliano hutumia oringi za viwango vyenye asili ya Marekani: milimita 1.78, 2.62, 3.53, 5.33. Jicho haliwezi kutenganisha 1.78 na 1.9. Mfereji unaweza. Oringi nene kupita kiasi hufanya kitasa cha mvuke kiwe kizito hadi kichanike. Nyembamba, kwa mfano ya 2.4 mahali pa 2.62, haibanwi vya kutosha na inaendelea kuvuja, na mtu anarudi nyumbani akiamini mashine yake imeharibika zaidi.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Oringi iliyokaa miaka kwenye mfereji imeshabapa, kwa hiyo ukipima unene wake utapata namba ya uongo. Pima mfereji: upana wake, kina chake, kipenyo chake. Oringi sahihi huwa nene kidogo kuliko kina cha mfereji ili ikifungwa ibanwe. Kalipa ya kawaida inatosha kwa kazi hii, nami nashangaa kwamba mafundi wengi wa vyombo vya mikahawa hawana hata moja, ilhali fundi cherehani hawezi kufungua duka bila futi.

Aliyeifanya oringi ijulikane duniani alikuwa Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, na hataza yake ilitoka mwaka 1939 akiwa amevuka umri wa miaka 70. Vita ilipopamba moto, serikali ya Marekani ilichukua haki za uvumbuzi huo na kuviruhusu viwanda vyake kuutumia kwenye vifaa vya kivita. Oringi ikasambaa kama kitu cha vipimo vinavyojulikana, ambacho kiwanda chochote kingeweza kukitengeneza. Inasikitisha kwamba miaka yote hii baadaye mwenye mkahawa anaambiwa kipimo cha oringi ya mashine yake ni siri ya kampuni.

Mipira myeusi haifanani

Hapa ndipo naomba msomaji asiniharakishe, kwa kuwa kosa la kipimo humwaga maji, ila kosa la aina ya mpira linaweza kuingia kikombeni.

Mipira miwili myeusi, yenye ukubwa uleule, inaweza kuwa vitu viwili tofauti. Ule wa naitraili, ambao ndio mwingi kwenye maduka ya magari, ulitengenezwa kustahimili mafuta na petroli. Kwenye joto la nyuzi 100 na kuendelea huanza kuchoka. Mpira wa EPDM ni kinyume chake: unapatana na maji ya moto na mvuke, lakini ukiguswa na mafuta ya petroli huvimba na kuharibika. Silikoni huvumilia joto kali na kubaki laini kwa muda mrefu, ndiyo maana mikahawa mingi imehamia kwenye mipira ya silikoni kwa kichwa cha mashine, ila huchanika kwa urahisi na haifai kila mahali penye mvuke wa shinikizo. Ipo pia ile ya Viton, ghali, inayostahimili joto na mafuta kwa pamoja.

Naitraili yenyewe si haramu kwenye kahawa. Ipo ya daraja la chakula, na mashine nyingi zilitoka kiwandani nayo. Lakini mpira wa injini haukutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na hakuna aliyepima kinachotoka ndani yake unapopitishiwa maji ya nyuzi 93 kutwa nzima. Tyubu ya lori ni vivyo hivyo. Marekani na Umoja wa Ulaya zina kanuni za malighafi zinazogusa chakula, na mpira wa mashine ya kahawa umo ndani yake. Anayekata tyubu na kuiweka pale anamnywesha mteja kitu ambacho hata yeye hakijui.

> Kosa la kipimo humwaga maji. Kosa la aina ya mpira linaweza kuingia kikombeni.

La mwisho katika hili ni grisi. Fundi mwema hupaka mafuta kidogo kwenye oringi ili iingie bila kuchanika. Akipaka grisi ya gari au mafuta ya mgando kwenye EPDM, ameuua mpira mpya kabla haujaanza kazi. Inatakiwa grisi ya silikoni ya daraja la chakula, na kopo dogo hudumu miaka. Ile gundi ya silikoni ya kuzibia injini isisogezwe kabisa karibu na mashine ya kahawa.

Wanaovutana

Wauzaji rasmi wa mashine wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Mashine moja ina mamia ya vipuri. Kuviweka vyote ghalani kwa ajili ya wateja wachache ni kufungia mtaji. Kila kimoja kimelipiwa usafiri na ushuru. Wanasema pia kwamba fundi wa mtaani akiweka mpira usiofaa na boila likaungua, lawama inaifuata nembo. Na dhamana ya mashine haiwezi kufunika kazi wasiyoisimamia.

Mafundi nao wanasema kampuni nyingi za mashine hazitengenezi mipira. Zinanunua kutoka viwanda vya mipira, zinaweka namba yao kwenye pakiti, na namba hiyo haisemi chochote kuhusu kipenyo wala aina ya mpira. Mteja analazimika kurudi mlango uleule. Mlango ukiwa umefungwa, au mzigo ukiwa bado baharini, fundi anaachiwa tyubu na wembe.

Katikati yuko mwenye mkahawa. Kila asubuhi mashine inapolala, maziwa yanaharibika, wateja wanajifunza njia ya kwenda mkahawa wa pili, na barista anayelipwa kwa siku anarudi kwao mikono mitupu. Wengine huchoka na kununua mashine nyingine. Ile ya kwanza inaishia stoo, kisha kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikiwa na shaba na pampu nzima. Ripoti ya dunia ya taka za elektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Nimewasikiliza wote, na mimi naona wauzaji wako sahihi kuhusu aina ya mpira, na hawako sahihi kuhusu vipimo. Kama hofu yao ni mpira mbaya kuingia kwenye mashine, kuficha vipimo ndiko kunakoleta mpira mbaya. Fundi aliyeandikiwa “73, 57, 8, silikoni ya daraja la chakula” hana sababu ya kukata tyubu.

Mfano mzuri uko jikoni. Birika dogo la Kiitaliano la kuweka juu ya jiko, ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933, nalo lina duara la mpira linalochakaa. Anayetaka jipya hutaja idadi ya vikombe na kusema kama birika ni la alumini au la chuma cha pua. Imeandikwa kwenye pakiti. Birika la aina hiyo linaweza kurithiwa kwa sababu mpira wake unapatikana kwa maelezo ambayo hata mtoto anayetumwa dukani anaweza kuyashika.

Sheria zinasemaje

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la kukuza matengenezo ya bidhaa, na nchi wanachama zikapewa hadi 31 Julai 2026 kuanza kulitumia. Orodha yake ina mashine za kufulia, majokofu, simu na vifaa vya kufyonza vumbi. Mashine za kahawa hazimo. Hilo linashangaza ukizingatia kwamba katika vituo vya kujitolea vya matengenezo, vilivyoanzishwa na Martine Postma jijini Amsterdam mwaka 2009 na kuenea nchi nyingi, mashine za kahawa ni miongoni mwa vitu vinavyoletwa mara nyingi zaidi.

Kwetu hakuna haja ya kusubiri sheria ya namna hiyo ili kuanza. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limebeba pia usalama wa chakula tangu mwaka 2019, na mpira unaopitisha maji ya kunywa ni sehemu ya usalama huo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina karakana na mafundi wanaoweza kutengeneza kalibu za mipira kwa vipimo vinavyojulikana, mradi malighafi iwe ya daraja la chakula. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha mapishi na huduma za hoteli, na wanafundisha ufundi mitambo; kijana anayejifunza kupika espreso angefaidika kujifunza pia kushika kalipa na kutoa mpira bila kukwaruza kichwa cha mashine.

Tanzania inalima arabika Kilimanjaro, Mbeya na Ruvuma, na robusta Kagera. Sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa bado ghafi. Tunapozungumzia kunywa kahawa yetu wenyewe, tunazungumzia pia hizi mashine, kwa sababu ndizo zinazoiuza kwa bei nzuri zaidi hapa nchini. Mkahawa unaofunga kwa kukosa mpira ni mteja aliyepotea kwa mkulima wa Mbozi.

Kwa anayenunua mashine wiki hii, mpya au iliyotumika, yapo mambo ya kudai kabla ya kutoa pesa: aandikiwe kwenye risiti vipimo na aina ya mpira wa kichwani, apewe mipira miwili ya akiba, na aonyeshwe unavyotolewa. Muuzaji akigoma kuandika, pima mwenyewe palepale mashine ikiwa imezimwa na baridi, uandike namba tatu kwa kalamu isiyofutika nyuma ya boksi la umeme. Fundi atakayeitwa baada ya mwaka mmoja atazikuta hapo.